Nilifungua kundi la kumtafuta aliyemuua mdogo wangu, sasa limenishinda

BARUA YA MSOMAJI

Assalamu aleikum, Bi Mshauri.

Jina langu naomba ulisitiri. Nina miaka 34, nakaa Mombasa upande wa Kisauni na mama yangu mzazi na wanangu wawili. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliuawa Agosti 2022. Alikuwa akiendesha tuktuk zamu ya usiku. Chombo kilikuwa cha rafiki yake, ambaye alikishika mchana. Siku hiyo alitoka baada ya isha, akasema anampeleka abiria na kurudi. Alfajiri watu waliokuwa wakienda msikitini wakamkuta kando ya njia. Tuktuk ilikuwa palepale na ufunguo wake, pesa za siku mfukoni, simu haipo. Daktari aliandika kwamba alipigwa kichwani.

Wapelelezi walikuja nyumbani mara mbili. Wa kwanza akahamishwa. Wa pili kila nikimpigia huniambia "tunaendelea". Mapema 2023 nikafungua kundi kwenye Facebook, nikaweka picha yake na ombi moja: mwenye kujua lolote aseme. Wiki ya kwanza tulikuwa watu kama 40, majirani na madereva wenzake. Leo wamepita 11,000, wengine wako Oman na Uingereza na hawajawahi kukanyaga mtaa wetu.

Sitasema uongo, lilinifaa. Usiku nilipokosa usingizi, kulikuwa na mtu macho. Watu walimwombea dua mtu wasiyemjua. Lakini polepole kila mmoja akaja na lake. Kwa kuwa alikufa mwezi wa uchaguzi, na kura ya gavana wa Mombasa iliahirishwa hadi tarehe 29 Agosti, wakasema kuna jambo la wanasiasa aliliona. Wengine wakasema alibebeshwa unga bila kujua. Mmoja alijumlisha nambari za tuktuk na tarehe ya kifo, akapata kafara ya tajiri. Niliyaacha yapite. Niliona heri kelele kuliko kimya.

Kisha wakamgeukia yule rafiki. Wakasema: mbona aliuza tuktuk kabla ya arobaini? Mbona alibadilisha nambari ya simu? Wakaichukua picha ya mazishi, wakamzungushia duara jekundu kwa kuwa ameinamisha uso. "Hii si sura ya mwenye msiba," mtu akaandika, na watu mia nne wakaipenda. Picha hiyo niliipeleka mimi kundini.

Bi Mshauri, hapa ndipo panaponiuma. Habari ya kuuza tuktuk nilikuwa naijua. Miezi miwili kabla ya kifo, yule kijana alikaa barazani kwetu, akatueleza mkopo unavyomkaba, na mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyekuwa akimtafutia mnunuzi. Nilijua, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu wiki ile kundi liliamka, watu elfu mbili waliingia kwa siku tatu, na mpelelezi akanipigia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho ile ina mwaka mzima sasa.

Kijana alihama, nasikia yuko Malindi. Mamake amebaki. Ni yule anayepika mahamri na mbaazi kwenye kona yetu, tumekua tukila kwake. Wateja wamepungua mpaka unaona aibu kupita. Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda. Sikuwa na chombo, akanitilia kwenye bakuli lake, akaniambia taratibu, "Chukua mwanangu, hayana sumu." Sikuweza hata kumjibu. Mahamri yale hayakulika, yakakauka. Bakuli liko kwangu mpaka leo.

Sasa zamu imekuja kwetu. Mtu ameuliza mbona dada wa marehemu hajaonekana akilia kwenye video hata moja. Mwingine ametaja kiwanja alichotuachia baba na kuuliza nani ananufaika. Kakangu mkubwa ameniambia nilifunge kundi, la sivyo atanihesabu mmoja wao. Nikilifunga, watu watasema nimenunuliwa, na kesi ndiyo itakuwa imekufa. Halafu yuko mama. Macho yake hayaoni herufi ndogo, kwa hivyo kila usiku baada ya isha humsomea mimi. Akimaliza tasbihi huniuliza, "Wamesema nini leo?" Nitamjibu nini nikilifunga?

Nifanye nini? Niseme lile nililolificha? Na kama nitamsafisha yule kijana, kisha kumbe ni yeye?

Dada wa Marehemu, Mombasa

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Pole. Najua pole umezisikia mpaka zimekuchosha, lakini yangu si ya siku ya mazishi, ni ya hizi siku nyingine zote.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza ulifunge kundi au usilifunge, na nitafika huko. Ila nikiipanga kwa maneno yangu, na unikosoe nikikosea, naona mzigo mzito uko kwingine. Kuna neno ulilimeza, likamwangukia mtu wa kona yenu, na huwezi kulitema bila kuogopa kumpoteza mdogo wako mara ya pili. Kundi limekuwa ndiyo nyumba yake. Ukilifunga unaona kama unamzika tena, safari hii kwa mkono wako.

Kwanza nikuondolee aibu moja. Kufungua kundi hakukuwa upumbavu. Mimi ni mtu wa enzi za baraza na redio, na nakumbuka mwaka 1990 alipouawa Dkt. Robert Ouko, waziri wetu wa mambo ya nje. Wakaletwa wapelelezi wa Scotland Yard, polisi wa London, ikaundwa tume, tume ikavunjwa 1991 kabla haijamaliza kazi. Mtu mmoja alishtakiwa akaachiliwa. Hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia. Hapakuwa na Facebook, na bado kila baraza la Mombasa lilikuwa na muuaji wake. Nchi ikishazoea majalada yanayolala, usishangae watu wakijitafutia majibu. Kushuku peke yake si wazimu. Na nikuambie siri, mimi nami nimewahi kufika saa nane za usiku ndani ya chandarua, simu usoni, nikifuatilia mauaji ya watu nisiowajua, na asubuhi nikajiona nimepata jambo. Sikuwa nimepata chochote.

Katika makundi kama lenu kuna methali inayotumiwa kama cheti cha polisi: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Naomba uitazame upya. Lilisemwa kwamba yule mama ni mama wa muuaji, na ni kweli, lilikuja: wateja waliondoka, mwanawe akahama, na kuhama kwake kukawa ushahidi mwingine. Je, lilikuwepo, au mlilileta?

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa jina lake, ramli. Mpiga ramli hamtaji mtu wa mbali. Humtaja jirani, mke mwenza, rafiki aliyekopa, kwa sababu hao ndio mteja anawajua na tayari ana jambo nao moyoni. Ndiyo maana ikaitwa ramli chonganishi. Na usidhani ni mambo ya huku kwetu tu. Novemba 2022, huko Idaho, Marekani, wanafunzi wanne wa chuo kikuu waliuawa usiku katika nyumba waliyopanga. Kabla polisi hawajamkamata mtu, mwanamke mmoja wa Texas anayesoma karata za ramli kwenye TikTok alimtangaza mwalimu wa historia wa chuo hicho kuwa ndiye. Mwalimu hakuwajua wanafunzi hao. Polisi wakasema hahusiki, mwanamke akaendelea. Mwishoni mwa Desemba akakamatwa mtu mwingine kabisa, mwanafunzi wa chuo jirani, kwa mabaki ya vinasaba kwenye ala ya kisu, gari na nyendo za simu yake. Mwaka 2025 akakiri. Mwalimu wa watu alilazimika kwenda mahakamani kulirudisha jina lake, na mwaka 2024 jaji alikubali kwamba alikashifiwa. Nakusimulia si kukutisha. Nataka uone kwamba kilichomnasa muuaji kilikuwa ala ya kisu, na hakuna aliyekuwa akibishana mtandaoni aliyekuwa nayo mkononi.

Nikirudi kwako, kuna mambo mawili umeyaandika kana kwamba yamethibitika, nami sina hakika nayo.

La kwanza ni uchaguzi. Agosti ile kila kilichotokea Mombasa kilitokea karibu na uchaguzi. Watoto waliozaliwa, waliooana, waliokufa kwa malaria, wote. Karatasi za kura ya gavana zilikuwa na makosa, kura ikaahirishwa, mji mzima ukawa na hofu. Kifo cha mdogo wako kiliangukia ndani ya hofu hiyo. Huenda vinahusiana, huenda havihusiani. Tarehe haiwezi kutuambia.

La pili ni kwamba kelele ndizo zinazoifanya kesi iwe hai. Naelewa ulikotoa fikira hiyo, mpelelezi alikupigia wiki ile ya mshindo. Lakini hebu jikumbushe, alikupigia akiwa na nini? Alipata jipya, au aliulizia kundi tu? Maana kisheria kesi ya mauaji Kenya haizeeki. Hakuna mwaka utakaofika jalada likaambiwa muda wako umekwisha. Kinyume chake, kelele zinaweza kulidhuru. Akipatikana shahidi kesho, wakili wa mshtakiwa atamuuliza swali moja: wewe ulikuwa mwanachama wa kundi lile? Ulisoma nini kabla hujaandikisha taarifa? Mtu aliyesoma nadharia mia huanza kukumbuka alichokisoma akidhani alikiona.

Ipo njia nyingine ambayo familia nyingi hazijui. Mtu akifa kifo cha mashaka na asishtakiwe yeyote, hakimu anaweza kukichunguza kifo chenyewe mahakamani. Mashahidi huitwa, daktari husimama, mpelelezi huulizwa amefanya nini. Hakuna mshtakiwa kizimbani, kunatafutwa ukweli wa namna mtu alivyokufa. Ombi hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na ni vizuri kuwa na wakili. Hapo Mombasa mnayo mashirika ya haki za binadamu, MUHURI na Haki Africa, watu waliozoea kufuatana na familia hadi polisi na mahakamani. Nenda na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, ripoti ya daktari, na majina ya wapelelezi wote wawili. Hatari yake nikuambie mapema: yanaweza kufunguka mambo ya marehemu ambayo mama hayajui, na unaweza kufika mwisho wa uchunguzi ukaambiwa aliuawa na mtu asiyejulikana. Je, familia yenu inaweza kulibeba jibu la namna hiyo? Kaeni mliulizane kabla hamjaanza.

Sasa kundi. Kulifuta kunaonekana ndiko kusafi zaidi, na kakako angetulia. Lakini ukifuta leo unafuta pia kile ambacho huenda ni kweli. Katika maneno ya watu 11,000 huenda yumo dereva mmoja aliyeandika mstari mmoja mwaka 2023 na hakuna aliyemjali. Ukitaka kufuta, anza kwa kupiga picha za skrini, uziandikie tarehe, umpe mpelelezi nakala, nawe ubaki na nakala iliyotiwa sahihi. Kumwachia mtu mwingine usimamizi naona ni hatari kuliko yote, maana jina la mdogo wako litabaki mlangoni na ufunguo hutakuwa nao. Kuna kulisimamisha kwa muda: yaliyomo yanabaki, hakuna anayeongeza. Na kuna kuweka sharti kwamba hakuna andiko litokalo bila wewe kulipitisha. Hilo litakufanya usome kila kitu, kila siku, na sijui kama kifua chako kinaliweza. Ukifanya lolote kati ya haya, jiandae, wapo watakaofungua kundi jipya na kusema umenunuliwa. Huna dawa ya hilo. Watu waliokwisha kuuliza mbona hulii watauliza mbona unalia.

Halafu lile neno la tuktuk.

Umeogopa usije ukamsafisha kisha kumbe ni yeye. Hofu hiyo naiheshimu, na sitakuambia hana hatia, kwani sijui, wala wewe hujui. Lakini angalia ulichonacho hasa. Hujui ni nani aliyemuua mdogo wako. Unajua kwamba tuktuk ilipangwa kuuzwa kabla ya kifo. Kulisema hili hakumwoshi mtu, kunaondoa dalili moja tu ambayo haikuwa dalili. Kwa nini alibadilisha nambari, bado hujui, na lisilojulikana linaweza kukaa hivyo hivyo. Ningekuomba ujiulize, mpelelezi analijua? Kama taarifa uliyoandikisha haina kikao kile cha barazani, yawezekana wao nao wanafuata njia ambayo wewe unajua haina kitu. Huko ndiko naona lina uzito kuliko kwenye Facebook. Unaweza kwenda kuandikisha taarifa ya nyongeza.

Kulisema hadharani ni jambo jingine, na kuna gharama. Yule kijana ana haki ya kukushtaki kwa kashfa, na tangu 2018 tuna sheria ya makosa ya mitandao inayoadhibu kumsumbua mtu mtandaoni. Ukiandika "nilijua nikanyamaza", umekiri. Kwa hiyo kabla hujaandika, mwone wakili japo mara moja. Wengine watakushauri uandike usiku huu huu ili roho itulie. Roho yako ikitulia na yake je? Labda hataki jina lake litajwe tena popote, hata kwa wema. Ni yeye wa kuulizwa, au mamake.

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu kila nikimfikia nasimama.

"Wamesema nini leo?" Umelichukua swali hili kuwa anauliza nani kamuua mwanawe. Inawezekana. Lakini nimejiuliza, katika nyumba yenu, ni saa ngapi nyingine mdogo wako hutajwa? Kakako hataki kusikia. Wanao ni wadogo. Wewe mchana una kazi. Basi huenda baada ya isha ndiyo saa pekee jina lake linatamkwa ndani ya nyumba kwa sauti, na mama ameizoea kama anavyoizoea tasbihi. Kama ndivyo, hakuhitaji nadharia za mtu wa Oman. Jaribu usiku mmoja kumwambia, "Leo hawajasema kitu, lakini nimekumbuka siku alipo..." na umalizie na siku yoyote. Ile aliyokuja na viazi karai vya moto akasema ameokota. Wewe ndiye unayezijua. Akikukatiza na kutaka ya kundini, nitakuwa nimekosea, uniandikie uniambie. Na huenda akalia. Kulia kwake usikuone kuwa umeharibu.

Kakako pia asikutishe sana. Anaposema "nitakuhesabu mmoja wao", masikio yangu yanasikia mtu aliyeona jina lake likiwekwa duara jekundu na hana pa kwenda. Kabla hujaamua chochote kuhusu kundi, mngeweza kukaa naye, ukamweleza habari ya tuktuk kabla ya mtu mwingine yeyote. Huenda naye alikuwepo barazani siku ile.

Lililobaki ni bakuli. Hukuniuliza, ila umeniandikia kwamba liko kwako mpaka leo, na wewe ni mtoto wa Mombasa, unajua chombo cha jirani hakirudi kitupu. Cha kutia humo sikuchagulii, wala maneno ya kwenda nayo. Ukiona huwezi kusema lolote, usiseme. Ila usiende asubuhi wateja wachache waliobaki wakiwa pale wanatazama. Nenda baada ya alasiri, anapoosha masufuria, na simu uiache nyumbani.